Bahasha Mbili za Nyumba ya Mkia

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Akiwa na miaka kumi na minane alikuwa kiranja mkuu wa shule ya bweni, na cheo kile kilimganda. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, mthamini mkuu wa majengo, na wateja, makarani, hata mkewe akiwa amekasirika, wote walimwita Kiranja. Yeye hakulichukia jina hilo. Aliamini kwamba mtu aliyezoeshwa kuamka saa kumi na moja kwa kengele, akatandika kitanda pembe nne sawasawa na kuoga maji ya baridi bila kunung'unika, hawezi kuja kupinda ukubwani. Mfukoni alibeba kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kuwaazima watu, maana kalamu ya kazi haikopeshwi.

Kazi yake ilikuwa kusema nyumba ina thamani gani inapouzwa. Watu wengi hudhani thamani ya nyumba ni bei ya matofali na mabati, ukijumlisha na usingizi alioukosa mwenyewe wakati wa kujenga. Kiranja hakuwa na subira na dhana hiyo. "Jasho halina soko," aliwaambia. Nyumba hupimwa urefu na upana. Hukaguliwa dari, lipu, sakafu na mabomba. Kisha mthamini hutafuta nyumba tatu zinazofanana nayo, zilizouzwa karibuni na zilizo jirani, akazifanya mizani yake. Hii ina chumba kimoja zaidi, ile imekaa vibaya barabarani. Fomu huwa na safu mbili, ya kuongeza na ya kupunguza, na mwisho wa safu hizo hutoka tarakimu moja ambayo, ikishapigwa muhuri, haina mjadala.

Miaka kumi na miwili nyuma, baada ya mthamini mmoja kunaswa akipandisha bei kwa kupewa kitu kidogo, Kiranja alitunga kanuni ya bahasha mbili. Kila nyumba hukaguliwa na wathamini wawili, kwa siku tofauti, bila kusemezana. Kila mmoja huitia tarakimu yake katika bahasha na kuifunga, na bahasha hufunguliwa pamoja. Zikipishana kidogo huchukuliwa tarakimu ya kati. Zikipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi, wote wawili hurudi kwenye nyumba ile, na katika kila chumba kila mmoja husoma kwa sauti, mbele ya mwenye nyumba, alichokiandika. Wakishindwa kukubaliana, hupita tarakimu ya mkubwa. Kiranja alikuwa amerudi hivyo mara saba, na mara zote saba aliyetoka ameinamisha kichwa alikuwa mwingine.

Basi Jumatatu moja karani aliweka faili mezani pake, akasema, "Huyu ameomba wewe, Mzee. Amekutaja."

Kiranja akasoma jina la mwenye nyumba, akalisoma tena. Shuleni hakuna aliyelitumia jina lile. Mwenyewe aliitwa Mkia, kwa kuwa darasani aliushika mkia muhula baada ya muhula, miaka minne mfululizo, wala halikumnyima usingizi. Walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Kiranja juu, Mkia chini. Kiranja, tangu alipokuwa kiranja wa darasa tu, ndiye aliyeliandika jina lake kwenye orodha ya wapiga kelele kila wiki, naye Mkia kila wiki alifyeka nyasi akiimba. Kitu kimoja tu Mkia alikiweza, nacho kilikuwa kwenye karakana ya useremala, mahali ambapo wenye akili hawakupelekwa.

Fomu ya mwanzo ilimuuliza mthamini kama ana undugu, ubia au deni na mwenye nyumba. Akajibu hapana mara tatu, na mara zote tatu alisema kweli.

Mkia alimfungulia lango mwenyewe, mikono imejaa vumbi la mbao hadi kwenye viwiko.

"Kiranja, bwana. Naomba ruhusa ya kuingia kwangu."

"Ingia, acha masihara."

"Nimefagia mpaka uvunguni. Ukikuta vumbi, adhabu ni kufyeka nyasi au kudeki vyoo? Nijiandae mapema, magoti siku hizi yananisaliti."

Kiranja akatabasamu kwa nusu ya mdomo na kutoa tepu yake. Alikuwa amejiandaa kukuta nyumba ya mtu aliyeshika mkia: marumaru za kung'aa, nguzo zilizosokotwa barazani, rangi tatu zinazogombana. Hakukuta hayo. Alikuta nyumba ya ghorofa moja, tulivu, yenye kuta nyeupe na mbao zenye rangi ya asali, na kila mlango ulifungika kwa kidole kimoja. Mkia alikuwa na kiwanda kidogo cha milango na madirisha, na ilionekana wazi kwamba kazi nzuri zote hakuziuza.

Sebuleni, kando ya dirisha, palikuwa na kitanda, na kitandani alikuwepo mke wa Mkia, ameegemea mito.

"Shemeji, karibu. Nisamehe, siwezi kusimama. Nyonga ilivunjika, ikaunganishwa, nayo ikaamua kuunganika inavyotaka yenyewe."

"Usijisumbue, shemeji. Pole sana."

Mkia akamweleza jikoni, kwa sauti ya chini. Mkewe hakuwa amepanda ghorofani tangu alipoanguka sokoni, mwezi wa saba sasa. Choo na bafu vilikuwa juu. Walikuwa wamepata nyumba isiyo na ngazi, mtaa wa pili, yenye milango mipana. Mwenyewe aliwaahidi kuwangoja mpaka mwisho wa mwezi, kwa milioni mia moja na sitini. Hii ya kwao ilitakiwa na shirika moja linalowatafutia watumishi wake makazi, na shirika hilo lilikuwa na sharti moja: hulipa thamani iliyopigwa muhuri, halizidishi wala halipunguzi.

"Kwa hiyo kichwa changu kiko mkononi mwako," alisema Mkia. "Kama zamani."

Ndipo wakafika kwenye ngazi.

Kiranja alikuwa amekagua nyumba zaidi ya elfu nne na ngazi hazikuwa jambo la kumsimamisha. Zile zilimsimamisha. Zilipanda kwa kujipinda polepole, kama mtu anayegeuka kumtazama aliyemwita, na mkono wake wa kushikia ulikuwa mti mmoja uliofuata mpindo ule kutoka chini hadi juu bila kiungo cha kuonekana. Aliushika. Ulikuwa mlaini, na wenye uvuguvugu wa jua lililopita dirishani.

"Miezi kumi na mmoja," alisema Mkia nyuma yake. "Usiku na Jumapili. Hamna msumari hata mmoja humo. Mke wangu alisema, maliza, au mimi au hizo ngazi."

"Jasho halina soko," alisema Kiranja.

"Hilo najua. Nakuambia tu kama rafiki."

Kiranja akauachia ule mkono wa ngazi. Alipanda hadi juu na kukiona chumba cha kusomea chenye rafu za vitabu kuanzia sakafuni hadi darini. Vitabu vya Mkia, aliyekuwa akikariri kurasa ili aziandike vibaya kwenye mtihani. Akavitazama migongo: vilikuwa vimesomwa. Akaona vyumba vya watoto ambao walishaondoka na ambao, kwa mujibu wa baba yao, walipiga simu kila Jumapili na kugombania nani azungumze kwanza na mama. Akaona roshani. Akasikia kutoka chini mgonjwa akicheka peke yake kwa jambo ambalo Mkia alikuwa amelisema robo saa iliyopita. Kiranja alijiuliza ni lini mara ya mwisho mtu alicheka nyumbani kwake kwa jambo alilolisema yeye. Akafungua kalamu, akaanza kuandika: ufa ukutani, chumba cha pili.

Yeye mwenyewe aliishi katika vyumba vitatu vya mstari mmoja, vilivyopigwa lipu ndani tu. Hakuona aibu kwa hilo. Alikuwa amekataa rushwa za kutosha kujenga mtaa mzima, na alipenda kulisema hilo, ingawa si kwa maneno hayo. Jioni ile mkewe alikuwa akikunja nguo alizozianua.

"Umefika kwa akina Mkia?" aliuliza mkewe. "Nilikwenda Jumamosi kumjulia hali mwenzangu wa kikundi. Wanapendana wale, jamani. Na uliona ule mkono wa ngazi? Ukiushika ni kama umeshikwa mkono na mtu."

"Ni mbao."

"Hata mimi ni nyama tu, mbona ulinioa?"

Kiranja hakucheka. Mkewe akamtazama, akaendelea kukunja.

"Nilikuwa nasema tu, baba. Mtu hawezi kusifu kitu cha watu humu ndani mpaka aombe kibali?"

"Sifu. Nani amekukataza?"

Kesho yake alikaa ofisini na kabrasha la nyumba zilizouzwa. Mtaa wa juu, kwenye barabara ileile ya Mkia, zilikuwapo tatu, zote za ghorofa, zote zilizouzwa ndani ya mwaka mmoja, kati ya milioni mia moja na sabini na mia moja na tisini. Akazisoma kwa makini. Ya kwanza kiwanja chake kilikuwa kikubwa kidogo, akaiweka kando. Ya pili ilinunuliwa na mtu aliyekuwa na haraka, na mwenye haraka hulipa zaidi, akaiweka kando. Ya tatu ilikuwa imepakwa rangi mpya wiki ya mauzo. Akaenda mtaa wa chini, upande wa mtaro, akapata tatu nyingine ambazo umbali wake kutoka kwa Mkia, ukipima kwa rula kwenye ramani, ulikuwa mfupi zaidi. Ramani haikuonyesha harufu ya mtaro.

Hakuandika uongo hata mmoja. Hili sharti lielezwe, kwa kuwa wapo wadhanio kwamba mwenye husuda ni lazima awe mzushi. Husuda ya mtu muungwana haihitaji uzushi. Hujitosheleza kwa kuchagua. Kiranja aliujua ufa, akaujua unyevu wa pembe ya bafu, akalijua bomba linalovuja, na kila alipoongeza mstari katika safu ya kupunguza alihisi ile nguvu safi ya zamani ya kupita kati ya vitanda na daftari mkononi. Alijiambia: *wengine wangempendelea kwa sababu walisoma naye, mimi sipendelei*. Ikatoka milioni mia moja na kumi na nane. Akailamba gundi ya bahasha mwenyewe, akaifunga.

Mthamini wa pili alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu ambaye Kiranja alimfundisha kazi kwa miaka sita na kumwita Binti. Yeye alimwita Mwalimu. Alikuwa na mwandiko mdogo na desturi ya kuvua viatu katika nyumba za watu. Alhamisi asubuhi karani alizifungua bahasha mbele yao, akazilaza mezani, akakohoa.

Mia moja na kumi na nane. Mia moja na sabini na sita.

"Labda nimekosea kujumlisha, Mwalimu," alisema Binti.

"Umejumlisha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Basi hukukosea kujumlisha. Umekosea kutazama. Kesho saa tatu tutarudi."

Alilala usingizi mzuri. Alikuwa tayari amepanga namna ya kumrekebisha kwa upole.

Walianzia jikoni. Mkia alisimama mlangoni, amevaa shati safi, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Kiranja akasoma: "Makabati yamepitwa na wakati. Bomba la sinki linavuja. Punguza."

Binti akasoma: "Makabati ya mbao ngumu, miaka kumi na sita, hakuna mlango uliopinda. Ongeza. Bomba linataka mpira mpya. Punguza kidogo."

"Bomba ni kweli linavuja," alisema Mkia. "Fundi wa milango huyo, anashindwa na mpira wa bomba. Aibu kweli."

Sebuleni mgonjwa alikuwa macho, akafuata kila neno. Kisha ngazi.

"Zinachukua nafasi kubwa ya sebule," alisoma Kiranja. "Hazifai kwa wazee wala wagonjwa. Punguza."

Mkia alimtazama mkewe, kisha akatazama sakafu. "Hilo nalo ni kweli," alisema.

Binti alikuwa na mistari minne juu ya ngazi zile, akaisoma yote minne bila kuinua macho, na haikuwa ya kupunguza.

Ghorofani mambo yakaendelea hivyohivyo. Pale Kiranja aliposoma ufa, Binti alisoma ufa wa lipu, mwembamba kama uzi, usiofika kwenye tofali. Pale Kiranja aliposoma roshani isiyo na paa, Binti alisoma roshani. Walipomaliza bafu walisimama kwenye sakafu ya juu, pale ngazi zinapofikia, na Binti akaomba aione fomu ya Mwalimu wake. Kwa kanuni alikuwa na haki hiyo. Akaisoma yote, mbele na nyuma.

"Mwalimu, nimetafuta kisicho kweli humu na sikukiona," alisema polepole. "Lakini safu ya kuongeza ni tupu. Juzi tulikagua ile nyumba ya mjane, iliyoliwa na mchwa nusu, na hata ile uliiandikia mistari miwili ya kuongeza kwa ajili ya kisima. Sijapata kuona safu yako ikiwa tupu."

"Kuna nyumba zisizo na cha kuongezwa."

"Zipo," alisema Binti, akamrudishia karatasi.

Mkia aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Jamani, mimi hesabu hizo zilinishinda tangu utotoni. Niambieni tu imefika ngapi."

"Yangu ni milioni mia moja na kumi na nane," alisema Kiranja. "Tusipokubaliana, ndiyo itakayopita."

Mkia akakaa kwenye ngazi ya juu kabisa. Hakukaa kwa kishindo. Alijishusha kwa mkono, taratibu, kama mtu anayepima kama kiti kitamchukua.

"Mia na kumi na nane." Akafikiri. "Haya. Nitampigia yule mwenye nyumba nimwambie asitungoje, ampe mwenye bahati yake. Tutatengeneza choo hapo chini ya ngazi, patatosha tukijibana."

"Mzee, kikao hakijaisha," alisema Binti.

"Hapana, mwanangu. Mimi nilimwomba huyu nikamtaja. Karani aliniuliza kwa nini, nikamwambia huyu ndiye aliyeniandika wiki mia moja na ishirini na hakuniruka hata siku niliyomgawia sukari yangu. Nilitaka tarakimu ambayo hakuna mtu atakayesema niliinunua. Akisema hivyo ndivyo ilivyo, basi ndivyo ilivyo."

Kiranja alikuwa amefika kule alikokuwa akielekea. Palibaki kutia saini. Sauti ikapanda kutoka chini.

"Shemeji. Mkimaliza njoo unieleze huko juu kukoje. Miezi saba sijafika huko, na huyu mume wangu nikimuuliza ananijibu, kupo tu."

Hakuwa na njia ya kukataa. Akashuka, wengine wawili nyuma yake, akavuta kiti karibu na kitanda. Karibu hivyo aliona alichokuwa hajakiona siku ile ya kwanza: beseni chini ya kitanda, limefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi.

"Kuna ufa katika chumba cha pili," alianza.

"Ufa naujua, tumehamia nao. Nieleze, wewe kazi yako ni kutazama. Asubuhi jua linaishia wapi siku hizi?"

Kiranja akafungua mdomo kusema kwamba jua si jambo la fomu. Akajikuta anajibu.

"Siku ile nilipofika, saa tatu kasoro, lilikuwa limeingia kwa dirisha la roshani na kufika kwenye rafu ya tatu ya vitabu."

"Ya tatu. Basi tumeingia msimu wenyewe. Na mbao za sakafu, zimeanza kulia?"

"Hazilii. Nilipita mara mbili kwa makusudi."

"Harufu?"

"Nta. Na chumba cha mwisho, cha kona, kina ubaridi hata mchana, kwa sababu madirisha yake mawili yanaitana. Mtu akilala humo hahitaji feni. Milango ya makabati ya vyumbani imekatwa kutoka ubao mmoja, mistari ya mti inatoka mlango huu kuingia ule. Na ukisimama juu ukashika ule mkono wa ngazi..."

Alikuwa ameviona vyote. Hakuvigundua sasa, aliviona siku ile ya kwanza, kimoja kimoja, na kila alipokiona kimoja aliipeleka kalamu kwingine. Mke wa Mkia alikuwa amefumba macho ili aone vizuri, akangoja, na mwendelezo haukuja. Binti alikuwa amesimama karibu na mlango, viatu mkononi, akiangalia mahali pengine kwa adabu.

Kiranja akasimama, akaichukua fomu yake, akaichana katikati.

"Tarakimu yangu naiondoa," alimwambia Mkia. "Itapita ya Binti peke yake. Ni mia moja na sabini na sita, na ni ya haki."

Mkia alikunja uso. "Imekuwaje? Ulikosea hesabu? Wewe?"

"Sikukosea hesabu. Nilikuonea wivu."

Mkia akaanza kucheka, kicheko kile cha bwenini kinachoanzia tumboni, kisha akaona uso wa mwenzake na kicheko kikamkatikia njiani.

"Mimi? Mkia?"

"Wewe. Darasa la mwisho ulitengeneza kigoda. Mwalimu mkuu akakichukua akakiweka ofisini kwake, akawa anakikalia. Mimi nilikuwa wa kwanza katika kila somo, na hakuna karatasi yangu hata moja aliyoitunza. Nilifikiri nimesahau. Nimekuja hapa nikakuta umejenga nyumba nzima ya vigoda."

Alikuwa amelisema jambo hilo vizuri, na sehemu moja ya nafsi yake, ile ya ukiranja isiyokufa, ikangoja kusamehewa kama inavyostahili mtu aliyesema kweli. Mkia hakuonekana kuisikia sehemu hiyo.

"Mke wangu anaogea kwenye beseni, Kiranja," alisema. "Maji yake nayamwaga mimi. Ulipita hapo mbele yake mara mbili, ukapanda, ukapunguza."

"Ndiyo."

"Nilijua hutanipendelea. Hilo ndilo nililolitaka. Kumbe mtu anaweza kutopendelea mpaka akavuka akatokea upande wa pili." Akalifungua lango la baraza. "Nenda tu. Binti abaki amalizie."

"Jamani," alisema mkewe kutoka kitandani, lakini hakuongeza kitu, na Kiranja akatoka.

Katika ofisi ile, ambaye tarakimu yake imeanguka kwa sababu isiyo ya hesabu huandika sababu hiyo katika daftari kubwa la mezani kwa karani, ambalo kila mfanyakazi hulisoma, na huuacha muhuri wake kwa miezi mitatu. Kurasa za nyuma zilikuwa na *rushwa* mara mbili na *uzembe* mara tano, zote kwa mwandiko wa walioanguka mbele ya Kiranja. Alasiri ile, Binti aliporudi, alimkuta ameshafungua ukurasa.

"Mwalimu, andika maslahi binafsi. Inatosha."

"Maslahi gani? Nilipata nini?"

"Litasomwa na watu. Na wale vijana wapya."

"Nami niliyasoma ya wenzangu."

Akaandika neno moja, *kijicho*, akatia saini, na chini yake tarehe. Kisha akautoa muhuri kwenye droo, akaufuta wino kwa kitambaa, akausogeza upande wa pili wa meza.

"Kanuni inasema miezi mitatu."

"Naijua, Mwalimu."

"Basi chukua. Piga kwenye karatasi yako na uipeleke leo. Yule mwenye nyumba ya pili anangoja mpaka mwisho wa mwezi, na watu hubadilika."

Binti akaupokea kwa mikono miwili. Akapiga karatasi yake mara moja, katikati, sawasawa kama alivyofundishwa, akaipepea ikauke, akaondoka.

Kiranja alibaki akitazama saa ya ukutani. Baada ya dakika kumi alihesabu kwamba Binti amefika langoni kwa Mkia. Angevua viatu. Mkia angeisoma karatasi mara mbili, kwa kuwa tarakimu zilimpa taabu, kisha angeipeleka kitandani na kuisoma tena kwa sauti. Wangemlazimisha Binti akae. Mgonjwa angemuuliza ya ghorofani, naye angepanda kwenda kumtazamia, mkono wake umelala juu ya mti ule wenye uvuguvugu, na angeshuka kumsimulia bila kuruka kitu. Angecheka pamoja nao. Kiranja akajipima kwa ukali aliowapimia wengine, na hakuona haja ya kujidanganya: alikuwa amefanya lililo haki, na sasa alikuwa akimwonea wivu yule binti.